Jicho la Saa Tano na Nusu

Usije ukaniuliza saa wakati jua linakaribia utosi. Nitakujibu vibaya. Hapa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wateja wangu wameshazoea: ikifika saa tano na nusu ya asubuhi naweka chini bisibisi, simu ya mtu naiacha mezani matumbo nje, nasogea mlangoni natazama juu, kisha nasonya. Hakuna cha kuona kwa macho. Mchana hata ukiwa na macho ya tai huoni kitu. Lakini najua kiko wapi, kimetokea upande gani na kinaelekea wapi.

"Kinapita leo?" mtu atauliza.

"Kinapita."

"Kinatuona?"

"Ebu chukua simu yako uende."

Mimi ni fundi wa simu na redio. Mambo ya setilaiti niliyapata kwa bahati, siku nilipotengeneza kipokezi kidogo cha mwanafunzi mmoja wa chuo cha Mbarara. Alikuja kukichukua, akaniona nina hamu, akanionesha jinsi ya kukunja nyaya mbili za umeme zikawa antena na kusikiliza setilaiti ya hali ya hewa ikipita. Siku ya kwanza nilipoisikia, nywele zilinisimama. Kitu kinapita juu mbinguni, kinaongea, na sauti yake inaingia katika duka la mabati la mkimbizi! Nilikuwa na furaha siku zile, sitasema uongo. Niliweka programu ya kufuatilia kwenye simu, nikawa najua zipi zinapita na lini, na watu wa Misiera wakanicheka wakisema nimepata ng'ombe wa kuchunga hewani.

Hii ya saa tano na nusu ni ya kupiga picha za ardhi, nayo haiongei na antena ya nyaya mbili. Unaweza tu kufuata njia yake kwenye simu. Na njia yake si ya ovyo: imepangwa iende pamoja na jua, ili kila ikirudi juu ya mahali fulani ikute jua palepale na vivuli vimelala vilevile. Inashuka kutoka kaskazini, inavuka Mbarara, inavuka sisi, na kabla hujahesabu hadi kumi iko Tanzania. Baada ya siku tano inarudi, na ni saa tano na nusu tena. Nilikuwa nikiwaambia watu: hicho ndicho kitu pekee katika Nakivale kinachofika kwa wakati. Walikuwa wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka.

Sasa nieleze habari ya mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu kule kwetu milimani Kivu ya Kusini, ndiye aliyenishika mkono tukivuka mpaka. Mume alibaki njiani, kaburi hatulijui. Hapa alipewa kipande cha ardhi kwenye mteremko wa njia ya kwenda Endiinzi, udongo wa mawe ambao hakuna aliyeutaka. Aliulima mpaka ukawa udongo. Chakula cha msaada kilipozidi kupunguzwa, hadi kugawiwa kwenyewe kukawa utani, maharage ya kipande kile ndiyo yaliyotushikilia. Kwa hiyo ninaposema shamba la mama mdogo, elewa kwamba nasema sufuria yetu.

Siku moja tukaitwa mkutanoni Base Camp, kwenye ofisi za wakuu wa kambi. Walikuja watu wa mradi mmoja na turubai lao na kitambaa cheupe cha kuoneshea picha. Wakasema wageni wanazidi kuingia, wanalala kwenye mahema ya mapokezi, na ardhi haitoshi. Shamba ambalo msimu huu halijalimwa litachukuliwa lipewe mgeni. Na atakayeamua si mtu. Ni setilaiti.

"Setilaiti haina ndugu," akasema mkubwa wao, "haina kabila, haili rushwa."

Tulipiga makofi! Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Tulikuwa tumechoka na wale wa kuja kupima mashamba ambao macho yao hufunguka wakipewa soda. Mama mdogo aliyekuwa kando yangu alinigusa kiwiko.

"Ndiyo ile yako?" akauliza.

"Si yangu, lakini naijua inapopita."

"Basi utaniambia siku. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mugeni wa kule juu hawezi kuja akute fasi yangu, hii shamba, iko uchi."

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Lazima nieleze, maana mtu wa mjini hataelewa. Kwetu, mwanamke mkulima haachi udongo wazi. Akishapanda, anakwenda kukata nyasi, anazikausha, anazitandaza shambani kote mpaka huoni ardhi, na mbegu zinachipua kupitia humo. Unyevu unakaa, magugu hayaoti, mvua haichukui udongo. Lakini si faida tu. Ni heshima. Shamba lililo wazi ni mtu aliye uchi, na mama wa shamba hilo watamsema kisimani. Mama mdogo alifundishwa hivyo na mama yake, naye na wake.

Watu wa mradi walikuwa wametaja juma la kupiga picha, nami nikaangalia kwenye simu nikamwambia siku. Alikuwa ameshapanda, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimenyunyiza kidogo na yeye huwahi wenzake siku zote. Akaenda kukata nyasi mbali, karibu na malisho ya ng'ombe, akawa anabeba mafungu kichwani tangu asubuhi hadi mgongo ukagoma. Nilimsaidia kutandaza. Alinifokea kila nilipoacha hata mwanya wa kiganja.

"Hapo pako wazi! Unataka waone nini? Funika vizuri!"

Jirani yetu wa upande wa chini, mtu wa pombe ya ndizi ambaye jembe lake lilikuwa na kutu kuliko bati la nyumba yake, alituangalia akacheka. Jioni moja kabla ya siku yenyewe alijikongoja, akakwangua kipande chake juujuu, udongo mwekundu ukaonekana, akarudi kwenye pombe yake. Hakupanda punje. Mama mdogo alimwonea huruma.

"Masikini," akasema. "Huyu wataona uvivu wake hata kutoka mbinguni."

Siku ilipofika, anga lilikuwa safi kama sahani. Ukitaka kucheka, cheka: watu walivaa nguo nzuri. Mzee mmoja alitandika shuka jeupe katikati ya mihogo ili asisahauliwe. Mama mdogo alifunga kitenge chake cha kanisani, akasimama pembeni ya shamba mikono mbele kama anayepokea padri. Mimi nilikuwa na simu, nikitazama kile kidoa kikishuka kwenye ramani.

"Sasa!" nikasema.

Akainamisha kichwa kidogo. Alisalimia. Nakumbuka nilijisikia vizuri sana kwamba nimempa mama mdogo jambo hilo, kwamba kwa mara moja katika maisha yake kitu kikubwa kinapita juu naye anajua na yuko tayari.

Majibu yalitoka baada ya majuma kadhaa. Tulisimama kwenye mstari Base Camp, kijana wa mradi akiwa na kompyuta ya kiganjani. Shamba la jirani yetu mlevi: limelimwa. Shamba la mama mdogo: halijalimwa, pori.

Mama mdogo alitabasamu, maana alidhani kijana amechanganya.

"Angalia tena, baba," akamwambia kwa upole.

Kijana akatuonesha. Akatueleza rangi bila haraka, na sitamsingizia, hakuwa na dharau. Kijani ni mazao. Nyekundu ni udongo uliolimwa. Manjano kavu ni nyasi zilizokufa, ardhi ambayo hakuna aliyeigusa. Kipande cha mama mdogo kilikuwa manjano kutoka ukingo hadi ukingo. Hakukuwa na mwanya hata wa kiganja.

"Lakini ni yeye aliyeweka hizo nyasi!" nikasema. "Chini yake kuna maharage!"

"Picha inaonesha nyasi."

"Ndiyo, nyasi! Amezibeba kichwani!"

"Mzee, mimi naelewa. Lakini picha inaonesha nyasi."

Nilimwomba aje aone kwa miguu. Ni karibu, angerudi kabla chai yake haijapoa, na maharage yalikuwa yameshatoboa nyasi, kijani, mistari imenyooka. Akasema utaratibu ni picha. Wakienda kwa mmoja watatakiwa kwenda kwa wote. Lakini akatupa kitu kimoja cha kushikilia: kamati ya kugawa mashamba ilikuwa bado haijakaa Mbarara, na ikipatikana picha nyingine safi kabla haijakaa, itatazamwa. Mpaka hapo mama mdogo asiguse kipande kile, asipalilie, asichume. Haya basi. Tulirudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia setilaiti kwa moyo mwingine. Zamani nilifuatilia kwa raha. Sasa nilifuatilia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Na mvua zikaanza kweli. Wewe unayejua nchi hii unajua mawingu ya msimu wa mvua: alfajiri kweupe, saa nne yanaamka, saa tano yamejaa. Kila ilipokuwa zamu yetu, kile kidoa kilishuka kwenye simu yangu bila kuchelewa, kikapita juu ya pazia jeupe, kikaenda zake Tanzania. Jioni anga linafunguka, nyota zote nje, zinatucheka. Nilitukana. Nilitukana matusi ambayo sikuwa nimeyatumia tangu tuvuke mpaka.

Mama mdogo akaanza kuomba mvua ikome.

Fikiria jambo hilo. Mwanamke mkulima, aliyeomba mvua maisha yake yote, amepiga magoti kando ya kitanda anasema, "Mungu, funga mbingu, siku moja tu." Nilikuwa nikimsikia kupitia pazia linalogawa nyumba yetu. Jumapili kanisani wakaimba wimbo wa kushukuru kwa mvua, watu wote wamesimama, vigelegele, na yeye amebaki kwenye benchi. Wanawake wakaona. Mmoja ambaye walikuwa wanakopeshana hata chumvi akamwambia mbele ya watu, "Kumbe ni weye unatuombea njaa? Banasema unaomba jua!" Mama mdogo alipofika nyumbani alivua kitenge, akakikunja, na tangu siku hiyo alikwenda kuteka maji peke yake, jua likiwa kali, wakati wengine hawapo.

Maharage nayo yakaendelea. Hayakujua kuwa yamekatazwa. Yalitanuka yakafunika nyasi zote, yakatoa maua, yakaweka maganda. Kila asubuhi mama mdogo alikwenda kusimama kwenye njia, nje ya mpaka, akiyaangalia. Magugu machache yaliota pembeni na mikono ikamuwasha.

"Mutoto yangu, nikiingia ning'oe tu yale mbili?"

"Usiingie, mama mdogo. Wasije wakapata sababu."

Halafu ikaja asubuhi moja. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mpaka ikajimaliza, na kulipokucha upepo wa kutoka ziwani ukafagia. Saa nne nikatoka nje, buluu tupu. Saa tano, buluu. Wingu moja lilijitokeza juu ya vilima vya Endiinzi na nikaliambia wazi kwamba nikilipata nitaliua. Nilifunga duka, nikakimbia hadi kwa mama mdogo, tukaenda kusimama njiani. Sasa hakuvaa kitenge cha kanisa, alikuwa na nguo za jikoni na masizi mikononi. Saa tano na nusu kidoa kikashuka. Hapakuwa na wingu hata la kufutia kamasi.

"Imepita?"

"Imepita, mama mdogo! Imetuona! Imeona yote!"

Alikaa chini pale pale njiani akalia, na mimi nikalia. Mtu wa boda akapunguza mwendo akidhani tumefiwa.

Sikungoja mtu aniite. Nilipompigia yule mwanafunzi wa kipokezi akaniambia picha huchukua siku moja au mbili kufika kwenye kompyuta zao, basi nikangoja hizo, nikapanda taksi ya asubuhi kwenda Mbarara. Ofisi ya mradi ilikuwa kwenye jengo jipya, ghorofa ya pili, sakafu inateleza. Mkubwa wa ofisi, si yule wa mkutanoni bali mtu wa hapo hapo Ankole, alinipokea vizuri. Sitasema uongo kwa hasira: alinipa kiti, akaniletea chai ya maziwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wanajeshi, na "bwana" kwake ilikuwa "sebo".

"Karibu, sebo. Wewe natoka Nakivale? Mvua iko mzuri?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma mahali pa huruma. Kisha akafungua picha ya siku ile. Ilikuwepo! Nililiona ziwa, niliona barabara, nikaona mabati ya Misiera yanang'aa, humo ndani mahali fulani na duka langu. Akavuta karibu mpaka ardhi ikawa vipande vipande vya mraba. Akapachika mpaka wa shamba la mama mdogo juu yake.

Kijani. Mungu wangu, kijani kile! Pembeni yake kipande cha mlevi kilikuwa kimeota magugu yaliyofifia. Chetu kilikuwa kimejaa, kimestawi, hata mtu asiyejua rangi angejua.

Yule mkubwa akafurahi kuliko mimi.

"Banange! Ona hii!" akasema. "Huyu mtu mpya nafanya kazi mzuri sana."

"Mtu gani mpya?"

Akanigeuzia kioo. Kamati ilikuwa imekaa juma lililopita. Kipande kile kilikuwa na jina la mwanamke mwingine, mgeni wa mahema ya mapokezi.

"Lakini hajafika hata kukiona!" nikasema. "Maharage hayo yana maganda! Maharage gani yanaota maganda kwa juma moja?"

Nilimwona akifikiri, na kwa muda ule mdogo nilikuwa na matumaini, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kisha akafunika kompyuta taratibu.

"Sebo, mimi naona wewe nasema ukweli. Lakini kwa kompyuta hii shamba ni yake, na kijani ni yake. Mimi nikibadilisha moja, kesho watu wote nakuja hapa."

Chai sikuimaliza. Nilitembea mjini Mbarara mpaka nikajikuta karibu na chuo, nikitazama wanafunzi wanaingia na kutoka na mikoba yao, na nikaichukia kila antena iliyokuwa juu ya kila paa. Niseme wazi: nilitamani kitu kile kianguke.

Mama mdogo alikuwa akiningoja mlangoni.

"Ilituona?"

"Ilituona."

"Kijani?"

"Kijani sana, mama mdogo."

Akapiga makofi mara moja, kisha akaniangalia usoni, mikono ikabaki imeshikana hivyo hivyo. Nikamwambia yaliyobaki. Hakulia. Aliuliza tu kama huyo mwanamke ana watoto, nikasema sijui.

Anao. Watatu, na mmoja mgongoni. Alikuja nyumbani kwetu majuma machache baadaye na kikapu kilichofunikwa, mwanamke kijana, mwembamba, anaongea lugha yetu kwa lafudhi ya milima yetu. Hakujua sisi ni nani. Alikuwa anazunguka kwa majirani wa njia ile.

"Mama, nimepewa fasi hapa juu," akasema. "Walisema ni pori, lakini Mungu ni mkubwa, nimekuta maharage yamejiotea. Nimeyavuna. Kwetu mugeni hakuli mavuno ya kwanza peke yake, njo maana nimeleta."

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilifungua mdomo, na mama mdogo akanitazama jicho moja tu, nikaufunga. Akapokea kikapu kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama inavyotakiwa.

"Aksanti, mama. Mungu akuzidishie." Kisha akauliza, "Na yale majani makavu yalikuwa chini?"

"Nimeyakusanya nikayachoma. Palikuwa pachafu!"

"Aah," akasema mama mdogo. "Ukipanda tena, funika. Udongo usikae uchi."

Mwanamke akashukuru kwa shauri, akaenda. Siwezi kumchukia, nimejaribu. Mtoto wa mgongoni alikuwa na kikohozi kile cha mahemani.

Mama mdogo akaleta ungo, akamwaga maharage, akakaa kwenye kigoda. Ilikuwa inakaribia saa tano na nusu na ilikuwa siku ya zamu yetu, lakini sikutoa simu. Nilimwangalia akichambua. Ya kupika aliyasukuma upande mmoja. Makubwa, yale yasiyo na doa, akayatenga moja moja, kama anavyofanya kila msimu, akayatia kwenye kopo la mbegu na kulifunga kwa kitambaa.

"Ya kupanda wapi, mama mdogo?" nikamuuliza.

Akainuka, akalipandisha kopo juu ya rafu, mahali pake pa siku zote, kisha akaenda kuwasha moto.